Don Newcombe: mrushaji aliyepiga kama wapigaji

Don Newcombe alilipwa kwa kurusha mpira. Kuupiga haikuwa kazi yake, na hakuna aliyemtarajia aifanye vizuri. Hata hivyo, alipomaliza misimu yake 10 katika Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani, kati ya mwaka wa 1949 na 1960, hesabu ilisema jambo lingine. Alikuwa amepewa nafasi ya kupiga mara 878 zinazohesabiwa, na katika hizo alipata mapigo mazuri 238. Ukigawa 238 kwa 878 unapata 0,271. Wamarekani husoma namba hiyo bila sifuri ya mbele: mia mbili sabini na moja, yaani mapigo 271 kwa kila nafasi 1000.

Wasikilizaji wengi wa Kivu, Ituri na Tanganyika wamekulia kwenye mpira wa miguu, kwa hiyo namba hii haisemi kitu bila maelezo kidogo. Katika besiboli, timu mbili za watu 9 hupokezana: moja inapiga, nyingine inalinda uwanja. Mrushaji wa timu inayolinda husimama juu ya kilima kidogo cha udongo, mita 18 na nusu hivi kutoka kwa mpigaji wa timu pinzani. Mpira ni mgumu, unaenea kiganjani, na ukitoka kwenye mkono wenye nguvu unaweza kwenda kilomita 150 kwa saa. Unafika kabla nusu sekunde haijaisha. Mpigaji ana rungu la mti, jembamba mkononi na nene mbele, na katika muda huo mfupi lazima aamue kama atapiga au ataacha. Akiupiga ukaanguka mahali ambapo hakuna aliyeudaka, naye akakimbia akafika kituo cha kwanza salama, hilo ni pigo zuri na linaandikwa. Akiupiga ukavuka uzio wa mwisho wa uwanja, anazunguka vituo vyote vinne bila kusumbuliwa na mtu. Hiyo wanaiita homurani.

Ni mchezo wa kushindwa mara nyingi. Mtu anayepata mapigo 3 kwa nafasi 10 ni nyota, watoto wanavaa jezi yenye jina lake. Anayepata 2 tu kwa 10 anaanza kuogopa kupoteza mkate wake.

Isipokuwa akiwa mrushaji. Mrushaji alisamehewa. Alicheza siku moja na kupumzika siku tatu au nne, mazoezi yake yote yalikuwa ya mkono wa kurusha, na zamu yake ya kupiga kwa kawaida iliwekwa ya mwisho kabisa, ya 9, baada ya wanaojua kazi. Wapinzani walipomwona anakuja na rungu walipumua. Ni kama golikipa katika mpira wa miguu. Robert Kidiaba wa Mazembe alijulikana dunia nzima kwa kuruka-ruka kwa makalio langoni mwake kila timu yake ilipofunga. Alikuwa anashangilia mabao ya wenzake, na hakuna shabiki wa Lubumbashi aliyemuuliza kwa nini hafungi yeye.

Basi Newcombe apimwe kwanza na warushaji wenzake, maana hapo ndipo pa haki. Warren Spahn, aliyeshinda michezo 363, mingi kuliko mrushaji yeyote wa mkono wa kushoto, alimaliza na 0,194 katika kupiga. Naye hakuwa mpigaji wa kuchekwa: alipiga homurani 35 katika maisha yake ya uwanjani. Robin Roberts wa Philadelphia, mmoja wa warushaji bora wa miaka ile ya 1950, alikuwa na 0,167. Whitey Ford wa Yankees, 0,173. Sandy Koufax, aliyeanza kama kijana katika timu ileile ya Newcombe na ambaye wengi wanamtaja kuwa mrushaji mkali kuliko wote, alikuwa na 0,097, yaani hata pigo 1 kwa 10 halikutimia. Bob Buhl alikuwa na 0,089, na mwaka wa 1962 alipewa nafasi 70 akatoka na sifuri. Sabini, bila pigo hata moja, na bado aliendelea na kazi yake kwa sababu mkono wake wa kurusha ulikuwa unahitajika.

Kama Newcombe angepiga kwa kiwango cha Spahn, nafasi zake 878 zingempa mapigo 170 hivi. Alipata 68 zaidi. Aliyekuwa anajulikana sana kwa kupiga kati ya warushaji wa kizazi chake ni Bob Lemon wa Cleveland, mwenye 0,232, na Lemon aliingia kwenye besiboli akiwa mchezaji wa ndani ya uwanja kabla hajageuzwa kuwa mrushaji. Kwa kumpata anayelingana na Newcombe inabidi kurudi nyuma, kwa wazee wa miaka ya 1920 na 1930: George Uhle na 0,289 yake, Wes Ferrell na 0,280, Red Ruffing na 0,269. Babe Ruth naye alianza kama mrushaji, lakini aliiacha kazi hiyo akawa mpigaji wa kila siku, hivyo kumweka kwenye orodha hii ni kudanganya mizani.

Lakini kipimo kinachoshangaza zaidi si hicho. Kiko ndani ya chumba chake mwenyewe cha kubadilishia nguo, katika timu ya Dodgers ya Brooklyn, mtaa mkubwa wa jiji la New York. Nahodha wa timu hiyo, Pee Wee Reese, alikuwa mpigaji wa kila siku na leo jina lake limo katika Jumba la Heshima la besiboli. Wastani wake wa maisha yote: 0,269. Chini ya Newcombe. Gil Hodges, mlinzi wa kituo cha kwanza aliyependwa na Brooklyn nzima, naye pia yumo katika Jumba hilo: 0,273. Kwa nafasi 878, tofauti ya Hodges na Newcombe ni mapigo mawili.

Hapa lazima kuwa mwangalifu, maana namba inaweza kumpa mtu sifa zaidi ya anazostahili. Reese alipewa nafasi zaidi ya 8000, mara tisa za Newcombe, na kukaa juu kwa muda mrefu hivyo, siku za homa na siku za magoti kuuma, ni kazi nyingine kabisa. Hodges alipiga homurani 370, moja kwa kila nafasi 19 hivi. Newcombe alipiga 15, moja kwa kila nafasi 58. Kuna na jambo la mikono: Newcombe alirusha kwa mkono wa kulia lakini alipiga akisimama upande wa kushoto, na mpigaji wa kushoto anauona vizuri zaidi mpira wa mrushaji wa kulia, ambao ndio wengi. Haya yote ni kweli. Hata ukiyatoa, anabaki mtu ambaye kwa kazi isiyokuwa yake alisimama bega kwa bega na walioajiriwa kuifanya.

Mwaka wake wa kupiga ulikuwa 1955. Alishinda michezo 20 kama mrushaji na kupoteza 5 tu. Wakati huohuo alipiga 42 kwa nafasi 117, wastani wa 0,359, na homurani 7, ambazo hakuna mrushaji wa Ligi ya Taifa aliyewahi kuzifikia katika msimu mmoja kabla yake. Kocha wake, Walter Alston, alianza kumtumia hata siku ambazo hakuwa anarusha: mchezo ukikaza, mpigaji dhaifu akikaribia zamu, Alston alitazama benchi na kumwita mrushaji aje apige badala yake. Tafadhali fikiria golikipa wa akiba akiingizwa dakika ya 85 kucheza mshambuliaji kwa sababu kocha anahitaji bao. Mwaka huo Brooklyn walitwaa ubingwa wa Marekani kwa kuwafunga Yankees, mara ya kwanza na ya mwisho wakiwa Brooklyn.

Alston na Newcombe walikuwa wametoka mbali pamoja, na hapo namba zinaanza kuhitaji historia.

Newcombe alizaliwa tarehe 14 Juni 1926 katika jimbo la New Jersey. Alikuwa Mmarekani mweusi, na besiboli ya Ligi Kuu ilikuwa ya wazungu tu. Hakukuwa na kifungu cha sheria kilichoandikwa. Wenye timu walielewana tu, na makubaliano hayo yalidumu zaidi ya miaka 60. Watu weusi walikuwa na ligi zao, na kijana huyu mrefu wa karibu mita 1,93 alianza mwaka wa 1944, akiwa na miaka 17, katika timu ya Newark Eagles iliyoendeshwa na mwanamke, Effa Manley. Mwaka wa 1946 Dodgers walimchukua yeye na mdakaji Roy Campanella, wakawapeleka katika mji mdogo wa Nashua, jimbo la New Hampshire, kwenye ligi ya chini. Kocha wao huko alikuwa Walter Alston. Mwaka uleule Jackie Robinson alikuwa anapimwa Montréal, ng'ambo ya mpaka, huko Kanada. Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson akaingia Ligi Kuu na ukuta ukapata tundu.

Newcombe alisubiri hadi tarehe 20 Mei 1949. Aliposhuka uwanjani alikuwa karibu kutimiza miaka 23. Mwisho wa msimu alikuwa ameshinda michezo 17 na kuchaguliwa mchezaji mpya bora wa Ligi ya Taifa. Mwaka wa 1951 alishinda 20, mrushaji mweusi wa kwanza kufikia hesabu hiyo katika Ligi Kuu. Kisha jeshi likamwita, na misimu miwili mizima, 1952 na 1953, ikapita akiwa amevaa nguo za kijeshi wakati wa vita vya Korea. Katika jedwali la namba zake miaka hiyo miwili haipo kabisa. Mstari wa 1951 unafuatwa na mstari wa 1954, kana kwamba mtu alilala akaamka. Familia zilizokimbia vita zinalijua pengo la namna hiyo: miaka ambayo mtoto hakusoma, shamba halikulimwa, na ambayo baadaye afisa anaiuliza kwa kalamu mkononi kana kwamba ilipotea kwa uzembe.

Aliporudi kutoka jeshini, timu ilipokwenda St. Louis wazungu walilala katika hoteli nzuri yenye hewa ya ubaridi, na wachezaji weusi walipelekwa kwenye hoteli nyingine, katika joto la mji ule ambalo halimwachi mtu alale. Newcombe alieleza mara nyingi jinsi yeye na Robinson walivyokwenda kwa meneja wa ile hoteli ya wazungu wakamuuliza sababu. Sababu aliyowapa ilikuwa bwawa la kuogelea: hakutaka waingie kwenye maji pamoja na wageni wengine. Robinson akamjibu kwamba yeye hata kuogelea hajui. Wakapewa vyumba.

Mtu aliyelala vibaya usiku, kesho yake anasimama mbele ya mpira wa kilomita 150 kwa saa, na karani hana safu ya kuandika usingizi. Kwa upande mmoja hiyo ndiyo ilikuwa nguvu ya wastani wa kupiga kwa watu kama Newcombe. Magazeti yaliweza kubishana kuhusu tabia yake, kama ana moyo wa vita au hana, kama ni mvivu au si mvivu, na yalibishana kweli. Pigo zuri halina mjadala. Likianguka chini salama linaandikwa moja, awe mzungu awe mweusi. Ugumu wote ulikuwa kufika mahali pa kuandikwa.

Mwaka wa 1956 alishinda michezo 27 na kupoteza 7. Alipewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi, na akawa mtu wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, iliyoanzishwa mwaka huo. Lakini mwezi wa 10, katika mchezo wa mwisho wa fainali dhidi ya Yankees, Yogi Berra alimpiga homurani mbili na Newcombe akatolewa mapema. Hakuwahi kushinda mchezo wa fainali hata mmoja. Wakamwita mtu anayeshindwa kwenye mambo makubwa. Pombe ilikuwa tayari imemshika, na sasa ikamkaza. Mkono ukaanza kuisha nguvu. Dodgers walihamia Los Angeles mwaka wa 1958 na katikati ya msimu huo wakampeleka Cincinnati.

Angalia rungu lilivyofanya wakati mkono unakufa. Mwaka wa 1959, akiwa Cincinnati, alipiga 0,305. Mwaka wa 1962 alikwenda Japani kuchezea Chunichi Dragons, na huko karibu aliacha kurusha kabisa. Walimlipa kwa kupiga na kulinda uwanja. Mrushaji aliyepewa tuzo ya kwanza ya Cy Young alimalizia mchezo wake ugenini kwa ile kazi ambayo nyumbani aliifanya kama ya ziada. Wengi wa warushaji wenzake, mkono ulipokwisha, hawakuwa na mlango wa pili.

Pombe haikuisha pamoja na mchezo. Ilikula mali yake, na ikafika mahali aliweka rehani pete yake ya ubingwa wa 1955. Peter O'Malley, wa familia iliyomiliki Dodgers, aliikomboa na baadaye akamrudishia. Katikati ya miaka ya 1960, mke wake alipokuwa tayari kuondoka na watoto, Newcombe aliapa kuacha, akaacha. Mwaka wa 1970 Dodgers walimrudisha kazini kushughulika na jamii, na sehemu kubwa ya maisha yake iliyobaki aliitumia kuzungumza na walevi na watu wa dawa za kulevya, wachezaji na wasio wachezaji. Maury Wills, mchezaji mwingine mkubwa wa Dodgers aliyeanguka kwenye dawa hizo, alisema wazi kwamba Newcombe ndiye aliyemwokoa. Kazi hii nayo haina safu kwenye jedwali, na Jumba la Heshima halijamwingiza hadi leo.

Orodha ya warushaji kwa wastani wa kupiga haitaongezeka tena. Ligi ya Amerika ilianza mwaka wa 1973 kumruhusu mtu maalum apige badala ya mrushaji, na mwaka wa 2022 Ligi ya Taifa ikafuata. Mrushaji wa leo hashiki rungu, isipokuwa awe kama Mjapani Shohei Ohtani, ambaye anafanya kazi zote mbili kwa kiwango ambacho hata Newcombe hakukifikia. Wapenzi wengi wa mchezo walifurahi, na mtu aliyetazama nafasi 70 za Bob Buhl hawezi kuwalaumu. Lakini pamoja na akina Buhl umefungwa pia mlango ambao Newcombe alipita.

Orodha nyingine, badala yake, ilifunguliwa. Kwa miaka mingi michezo ya ligi za watu weusi haikuhesabiwa kuwa ya Ligi Kuu. Waliocheza huko tu walikuwa kama hawakucheza. Mtu ambaye jina lake halikuonekana kwenye karatasi siku ya kugawa unga kambini hahitaji kufafanuliwa hilo. Mwezi wa 12 mwaka wa 2020 Ligi Kuu ilitangaza kwamba ligi hizo, za mwaka wa 1920 hadi 1948, zilikuwa ligi kuu kama nyingine, na mwaka wa 2024 namba zake zikaingizwa rasmi kwenye kitabu kimoja. Kilele cha wastani wa kupiga kikabadilika siku hiyo. Ty Cobb, aliyekaa juu kwa 0,367 karibu miaka 100, akashuka. Juu yake akaandikwa Josh Gibson, mdakaji mweusi, kwa 0,372. Gibson alikufa mwezi wa kwanza wa 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia uwanjani.

Newcombe alifariki tarehe 19 Februari 2019 akiwa na miaka 92, kabla ya tangazo hilo. Ile 0,271 ni ya miaka yake kuanzia 1949. Miaka miwili ya Newark, 1944 na 1945, sasa imo kitabuni pamoja nayo.